Kizungu Kilichopimwa kwa Ukili

Mama yangu hajui Kizungu hata cha kuombea maji, na ndiye aliyenisomesha Kizungu. Nikisema hivi watu hucheka. Nami huwaacha wacheke kwanza, maana najua mwisho wa habari uko kwangu.

Wakati ule nilikuwa kijana wa ghala la mkonge, bandarini Tanga. Kazi yangu ilikuwa kushika bati lililotobolewa herufi, kulibandika juu ya robota la mkonge uliofungwa, na kupaka rangi nyeusi ili robota lipate alama ya shamba lilikotoka. Kutwa nzima nashughulika na herufi, lakini herufi zenyewe hazina la kusema. Shule niliishia darasa la sita, baba alipofariki na nyumba ikahitaji mikono kuliko vitabu. Ila ndoto, hizo hazikuomba ruhusa ya mtu. Nimepakaa rangi mpaka masikioni, mwenzenu najiona nimevaa koti jeupe, nimesimama mahakamani, katikati ya Mzungu na mtu wetu, maneno yanapita kwangu kama maji kwenye mfereji, yakitoka huku kama yalivyoingia kule.

Ndoto hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilianzia kwenye mnazi.

Kwetu ni Pongwe, na huko Pongwe mama ana minazi aliyoachiwa na babaye. Mmoja kati ya hiyo una habari yake. Mama alipomzaa dada yangu, ambaye mimi sikumwona, kitovu chake kilizikwa na mche wa mnazi ukapandwa juu yake, kama desturi. Dada alikufa angali mdogo, mnazi ukakua. Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mtoto wa kufuata kanga ya mama, jamaa mmoja wa upande wa baba akasema mnazi ule ni wake. Shauri likapanda mpaka Boma, kwa Bwana Shauri wa siku hizo, hakimu wa Kizungu, mgeni aliyetoka kushuka melini. Mama akasimama akaeleza. Alieleza kitovu, akaeleza homa, akaeleza siku yenyewe ya msiba. Nakumbuka watu barazani walikuwa wanajifuta macho. Alipokwisha, mkalimani akamgeukia Mzungu akasema neno fupi, kisha kimya.

Mama akasubiri. Akamwuliza, "Na mengine?"

"Yamekwisha, mama. Nimemwambia mnazi ni wako."

Na kweli mnazi akapewa. Jamaa akarudi kwake na aibu yake. Lakini mpaka leo mama akipita chini ya mnazi ule husema, "Mnazi walinipa. Maneno yangu hawakunipa." Mimi niliyasikia hayo utotoni nikayaweka moyoni. Nikasema moyoni, iko siku.

Siku hiyo ikaanza kunukia pale tarishi mmoja wa Boma alipokuja ghalani akatuambia kwamba mkalimani, yule yule wa zamani, anakaribia kupumzika, na atakayeshika nafasi yake atapatikana kwa mtihani: kuandika, kisha kufasiri kwa mdomo mbele ya Bwana Shauri. Mtu yeyote ajuaye Kizungu aje.

Nikaenda nyumbani nikamwambia mama. Akauliza, "Wewe Kizungu unakijua?"

"Ninacho kidogo, mama."

"Basi kitakuwa kingi."

Nilikuwa na kitabu cha sarufi kisicho na jalada, na nilikuwa na magazeti. Magazeti yenyewe ni yale wenye maduka waliyofungia sukari na dengu. Nilikuwa nayafungua taratibu nisiyachane, nasoma habari isiyo na mwanzo wala mwisho. Kila asubuhi niliandika neno moja la Kizungu kwa chaki kwenye mlango wa ghala, maneno ya mahakamani: shahidi, kiapo, rufaa, dhamana. Wapagazi wakalizoea. Kulikuwa na Mbondei mmoja mwenye mabega kama mlango, huyo akifika tu anauliza, "Karani wa robota, leo tumeshtakiwa kwa neno gani?" Nilipoandika neno la kuahirisha kesi, wakalipenda kuliko yote. Ikawa saa ya chakula ikifika mtu anatupa gunia chini na kupiga kelele kwa Kizungu kwamba kesi imeahirishwa, na ghala zima linaitikia. Msimamizi alitoka ofisini siku moja kuuliza nani anaendesha mahakama humu ndani.

Lakini maneno peke yake ni matofali, si nyumba. Nilihitaji mtu wa kuzungumza kwa mfululizo, nami nifasiri hapo hapo. Pongwe nitampata wapi? Wenzangu wakisikiliza kidogo wanapiga miayo. Akabaki mama.

Mama husuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Vidole vyake havipumziki. Hata akiota ndoto nadhani vinasuka. Alasiri nikitoka kazini alikaa barazani, akasema, "Haya, mimi ni shahidi," akaanza kusimulia huku anasuka: ugomvi wa majirani juu ya kuku, samaki wa leo walivyolegea, mjomba aliyekwenda Mwera akasahau kurudi. Akimaliza, anatia mwaa mwekundu kuwa alama. "Sema sasa." Nami nafasiri, yeye anaendelea kusuka kwa mwendo ule ule. Nikinyamaza anatia alama nyingine, kisha anakunja ukili na kulinganisha: kipande chake na kipande changu.

"Umekula maneno," ananiambia. "Tazama, umepungua kiganja kizima. Yarudishe."

"Mama, Kizungu ni kifupi."

"Kizungu kifupi, na Wazungu wenyewe warefu vile?"

Nikaona hila: nikawa narembesha, natia vijineno vya kujaza. Ukili ukazidi. Mama akausukuma mbele yangu. "Na hiki kilichozidi ni cha nani? Mimi sikukisema. Wewe mwizi wa aina mbili, ukikosa kuiba unatupia vya wizi." Nilicheka mpaka nikalala chini. Lakini kuanzia hapo nilijua nafasi ya neno ni ipi. Nilijua kwa macho, kwa kutazama vidole vyake, kama msemo wangu unapwaya au unabana.

Jambo jingine lililomshangaza ni kwamba nafasirapo nasema "mimi". Tarishi alinifundisha sheria hiyo: mkalimani hasemi "huyu anadai kwamba yeye". Shahidi akisema mimi, nawe sema mimi, kana kwamba umemvaa. Mama akasikia kila mara natamka ile "ai" ya Kizungu, akaniuliza, "Ai, ai, unaumwa na nini?" Nikamweleza. Akakubali. Nami nikawa mimi wa kuku, mimi wa samaki, mimi wa mjomba wa Mwera.

Mpaka siku nilipomwomba anipe ule ushahidi wa mnazi. Nilitaka kuuchukua wote, nione kama ninaweza. Akaanza vizuri, akafika kwenye homa ya dada, akanitikisia kichwa.

"Hapo ruka."

"Mama, ndipo penyewe."

"Wewe hujaoa. Huna mtoto. Ukisimama ukasema 'mwanangu alikufa' kwa kinywa chako, unamchulia ambaye hajazaliwa. Huo ni uchuro."

"Lakini nitasema kwa Kizungu."

"Kwani malaika hawajui Kizungu?"

Nikamweleza kwamba mahakamani hawaendi watu wa harusi. Wanaokwenda ni waliopigwa, walioibiwa, waliofiwa, nami nitalazimika kuyasema yote kama yangu. Akafikiri, vidole vinakwenda. Mwisho akanipa kinga: kila nikisema baya juu ya nafsi yangu, niliandamishie papo hapo "Mungu apishe mbali." Hiyo akaridhika nayo. Ila habari ya dada hakuiachia, hata kwa kinga. Tuliiruka kila mara, kama watu wanavyoruka ngazi mbovu ndani ya nyumba yao wenyewe.

Basi nikazoea. Kitabu changu cha sarufi kilikuwa na mifano ya balaa tupu: nimevunjika mguu, nilikuwa nimevunjika mguu, nitakuwa nimevunjika mguu. Mimi naimba nyakati zote hizo nikipaka rangi marobota, na kila mguu nauwekea kinga yake. Yule Mbondei akasema, "Ndugu, sarufi yako ina dua nyingi kuliko hitima."

Siku ya mtihani nilivaa kanzu ya baba, mama ameitia buluu na kuipiga pasi ya mkaa mpaka inasimama peke yake. Nikampakia mama kwenye keria ya baiskeli, na furushi lake la miyaa magotini, tukashuka mjini. Alisema anakwenda kununua viungo. Tulipofika Boma akakaa barazani, akafungua miyaa. Viungo hakuvitaja tena.

Kuandika hakukunisumbua. Kilikuwa kipande cha hukumu ya mtu aliyeacha ng'ombe wake wakala mihogo ya jirani, na maneno yake yote nilikwisha kuyaandika mlangoni ghalani. Niliandika nikitabasamu, karatasi niliirudisha haina doa, ingawa kucha zangu zilikuwa nyeusi. Wenzangu walikuwa na viatu na shule ndefu, lakini siku ile sikumwonea mtu wivu.

Kisha nikaitwa ndani. Bwana Shauri, huyu wa sasa, alikuwa mtu wa miaka ya kati, Kiswahili anakielewa vizuri. Pembeni yake alikaa mkalimani wa zamani, ndevu nyeupe, koti jeupe vile vile kama la ndoto yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanieleza kwamba yeye ndiye atakayekuwa shahidi, anajifanya mfanyakazi wa shamba la mkonge. Akaanza kunena polepole, nami nafasiri, na naona raha, naona maneno yanapita na hayapungui. Akasema, "Mkono wangu wa kulia ukanaswa na mashine, ukakatika."

Nikafasiri barabara. Na kabla sijajua, mkono wangu wa kushoto umekwisha kamata wa kulia, na kinywa kimesema kwa sauti, kwa Kiswahili safi, "Mungu apishe mbali!"

Kalamu ya Bwana Shauri ikasimama.

Akaniuliza kwa Kizungu, "Shahidi amesema hayo?"

"Hakusema, Bwana."

"Nani basi amesema?"

"Mimi."

"Mimi yupi?"

"Mimi wa nyumbani, Bwana."

Mkalimani akageukia dirishani, mabega yake yakawa yanatikisika. Nikaona hakuna pa kukimbilia, nikamweleza Bwana Shauri jambo lote: uchuro, kinga, mtoto ambaye hajazaliwa. Nilipokuwa katikati ndipo nilipogundua kwamba nazungumza Kizungu. Si cha kitabu, si cha kuku wa jirani. Kizungu changu mwenyewe, natafuta neno na neno linakuja. Hata katika kuanguka kule nilijivunia, nasema kweli. Nilijiona mtu.

Bwana Shauri alisikiliza mpaka mwisho. Akasema bila ukali, "Mkalimani akisimama hapa hana nyumbani. Leo umeongeza dua. Kesho utaongeza huruma, na mtu atafungwa kwa neno ambalo hakulisema." Akainamia karatasi yake. Ukweli wake niliuona. Mama mwenyewe alikuwa akiniambia hivyo hivyo: na hiki kilichozidi ni cha nani?

Mzee akasema, "Bwana, kijana huyu hapunguzi. Nimemsikiliza, hapunguzi kabisa. Kosa lake ni woga, na woga hauponi kwa shahidi wa kuigiza. Tumpe wa kweli." Akaangalia barazani. "Yuko mama pale anasuka. Aitwe."

"Bwana," nikasema, maana ilinibidi, "yule ni mama yangu."

Wakatazamana. Mzee akapandisha mabega. "Vizuri zaidi. Anayeweza kumsemea mamaye asiongeze wala asipunguze, atashindwa na nani?"

Bwana Shauri akakubali, nadhani kwa kutaka kuona. Mama akaingia na ukili wake mkononi, akamwamkia mzee, akakataa kiti, akakaa chini juu ya mkeka wa pale. Akaambiwa aseme jambo lolote lililompata mwenyewe. Akamtazama yule mzee vizuri, kisha akanitazama mimi.

"Basi nitasema la mnazi," akasema. "Lile halijaisha."

Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

Vidole vikaanza, na maneno yakaanza. "Mimi nilizaa binti, na ndiye mtoto wangu wa kwanza. Kitovu chake nilikizika upande wa mashariki wa nyumba, pasipopita mbuzi. Nikapanda mnazi." Alikuwa akisema kidogo anatua, nami nafasiri, yeye anasuka na kutia alama zake. Nikawa mimi niliyezaa. Nikawa mimi niliyepanda. Tukaenda hivyo, neno kwa neno, hadi kwenye ile ngazi mbovu. Nikamngoja aseme ruka.

Hakusema. Vidole vyake vikasimama; sijapata kuviona vikisimama katikati ya habari. Kisha vikaanza tena, pamoja na maneno.

"Homa haikumwachia. Mwanangu alikufa alfajiri. Wanaume wakambeba wakaenda kumzika, nami nikabaki mlangoni naangalia mche wa mnazi, maana ndio peke yake uliobaki na kipande chake."

Sikuwahi kuyasikia hayo tangu nilipokuwa mtoto wa kushika kanga. Nikafungua kinywa. Nikasema kwa Kizungu kwamba mwanangu alikufa alfajiri. Nikasema wanaume walimbeba, nami nilibaki mlangoni. Nilisema mche, nilisema kipande. Ile kinga ikanipanda kooni, nikaimeza, ikapanda tena, nikaimeza tena. Mikono niliifunga nyuma. Nilipofika nukta nikakoma.

Mama hakuelewa hata neno moja. Lakini alijua nimefika wapi, kwa uso wangu na kwa urefu wa ukili. Akageuka kwa Bwana Shauri, si kwangu, akasema kwa sauti ile ile ya ushahidi, "Na huyu kijana anayenisemea, Mungu ampishie mbali."

Nikashtuka. Kisha nikaelewa: hilo halikuwa langu tena. Lilikuwa limesemwa na shahidi, mbele ya Bwana Shauri, na kazi yangu ni kulifikisha. Nikalifikisha. Sijawahi kufasiri kitu kwa moyo wangu wote kama nilivyofasiri hilo, wala sikuliongezea chochote. Bwana Shauri akaliandika.

Mama akatia mwaa mwekundu wa mwisho, akakunja ukili wake, akaanza kupima kipande kwa kipande pale pale sakafuni. Bwana Shauri akauliza anafanya nini, nikamweleza, naye akainuka kwenye kiti ili aone.

"Kimepungua vidole viwili," mama akasema. "Lakini ni Kizungu. Nimeridhika."

Mzee akakohoa. "Mama, siku ile barazani palikuwa na watu wengi. Kesi zilipangana."

"Najua, mzee wangu. Na mnazi mlinipa." Akakunja miyaa yake taratibu. "Leo nimepewa na mengine."

Bwana Shauri akanirudia, akatazama kucha zangu, akaniambia nije Jumatatu, na nijitahidi kuitoa hiyo rangi. Nilitoka pale nikagonga mlango kwa bega. Nikapita ghalani kuwaambia wenzangu, na yule Mbondei akalitupa gunia chini na kutangaza kwa Kizungu kwamba kesi imeahirishwa, mpaka Jumatatu, na ghala likaitikia hata melini wakasikia. Koti jeupe nalo nilikuja kulipata. Mikono yake ni mirefu, naikunja.

Lakini ninalolipenda kulikumbuka ni njia ya kurudi Pongwe jioni ile. Mimi nakanyaga, mama yuko nyuma kwenye keria, anawapungia watu wasiomjua. Tulipoanza kupanda akanigusa mgongo.

"Lile langu la mwisho, ulilisema?"

"Nililisema, mama."

"Lote?"

"Lote."

"Mbona lilikuwa fupi?"

"Kwa Kizungu ni fupi."

Kilima kilikuwa kinanikata pumzi.

"Haya," akasema. "Kama ni fupi, lirudie."

Nikalirudia. Akaniambia tena, nikalirudia tena, kwa Kizungu, kwa sauti, na kila niliyepishana naye njiani alisimama kutazama kijana wa kanzu anayemwendesha mamaye na kuomba dua isiyojulikana ya lugha gani. Tukaingia nayo Pongwe.